Spika ya Shangazi

Gramu kumi na moja. Tulipima kwa mizani
ya Nyanzobe muuza karanga, sokoni Kachoma; akacheka:
"Hiki hakifikii hata fungu la mia mbili."

Betri ya saa, kipima-mgandamizo wa hewa,
na spika niliyoichomoa kwenye simu ya marehemu shangazi.
Mwili, karatasi za daftari. Parachuti, mwavuli uliovunjika mbavu.

Itetemia, shamba la tumbaku, mabua matupu.
Mihayo akahesabu kurudi nyuma, akaruka nne.
Nikabonyeza hivyo hivyo.

Fyuu—
uzi wa moshi, kisha anga
kama hakikupita kitu.

Upepo wa Julai ukaipeleka miomboni.
Tulizunguka mpaka soksi zikajaa vishona-nguo,
hadi Sizya mrina asali akasimama, kidole juu:
"Yule si nyuki wangu. Nyuki hapumziki katikati ya neno."

Kileleni mwa mninga, ubavuni mwa mzinga wa gome:
pi pi pi. Kimya.
Pi. Kimya.
Pi pi pi pi.

Mihayo alipiga magoti, akaandika mavumbini
mia tatu na kumi na nne, mita,
akafuta, akasikiliza tena, akaandika ile ile.

Spika ile. Miaka sita ilituita
kwa misiba, na madeni ya pembejeo.

"Nani apande?"
"Si mchana huu," alisema Sizya. "Na moshi sina."

Tukakaa chini ya mninga,
betri ikilegea,
yeye huko juu akirudia urefu wake.