Mwenzangu wa Sunderland

Barua imepenya tundu la mlango,
Leicester, Jumanne ya mvua:
"Kwa Bi Mwanahawa Shekue.
Deni la sofa ya ngozi, awamu ya tatu."

Nami nakalia kiti cha mbao, mguu mmoja unayumba.

Kumbe niko wawili.
Mwenzangu ana gari Sunderland, ana simu mbili,
ana tarehe yangu ya kuzaliwa,
ile ambayo hata mama hakuwa na hakika nayo;
karani aliikisia tu: Januari, tarehe mosi.

Kliniki ya meno ilivujisha daftari lake,
ikaniandikia: "Tunasikitika."
Jino walilolijaza bado linauma.

Nikapiga simu benki. Dakika arobaini za kinanda,
kisha kijana: "Thibitisha kuwa wewe ni wewe."
Nikataja mtaa. Nikataja ukoo wa mama.
"Samahani, bibi. Majibu hayo yalibadilishwa Ijumaa."

Siku hizi nachana kila bahasha,
hata ya pizza.
Mikopo nimeifungia kufuli lisiloonekana,
na nywila yangu mpya ni tusi la Kiamu, refu,
ambalo nyanya alimtupia mwizi wa kuku.

Haya, mwenzangu. Likisie.