Chini ya Nusu

Programu yangu haijui kiu.
Inajua zamu tu: maji ya falaji ya Birkat al-Mauz
yamekatwa athar kwa athar, nusu saa nusu saa,
mchana na usiku.
Kila Alhamisi naiendesha, itoe
jedwali moja, mavazi matatu:
la tovuti, kwa watoto waliohamia Maskati na Dubai;
la kupigwa chapa, libandikwe mlango wa msikiti;
na jepesi, vinyota na vistari, la simu ya Zahor,
azibuaye mfereji saa nane za usiku
na hana haja ya mapambo.

Data ni ile ile. Nilidhani kuivisha kunatosha.

Bi Shuweikha binti Mahfudh ana fungu dogo,
urithi wa ami yake,
nami kwa uvivu nikaandika
<nusu
alama ile, mdomo wa kinda uliofunguka, kisha neno.

Kwenye karatasi mdomo ukageuka
alama ya mshangao iliyosimama kichwa chini.
Kwenye tovuti, ukala.
Kivinjari kilidhani ni amri,
kikameza neno na ukingo wa kisanduku,
kikafuta midomo.

Ijumaa, mpwa wake akapiga simu kutoka Dubai:
Shangazi, umeuza maji?
Jumamosi, jirani akaja kuuliza bei.

Akaniita. Kahawa nilikunywa, halua sikuigusa.
Kwa Kiswahili chake cha Unguja,
anachokitoa kabatini kama sahani za wageni, akasema:
“Mwanangu, changu kidogo. Lakini kidogo si hakuna.”

Usiku ule sikulala.
Nikaweka bawabu mlangoni mwa kila jedwali:
wewe alama, wakwenda wapi?
Tovuti? Jifiche ndani ya &lt; upite.
Chapa? Simama kati ya dola mbili.
Simu? Tanguliza mkwaju wa nyuma,
\< hivyo, usije ukadhaniwa mtu mwingine.

Kisha nikaona haya.
Nikafuta alama, nikamwuliza Zahor,
nikaandika: dakika kumi na mbili.

Saa nane na robo nilikuwa shambani kwake.
Maji yakaingia kwenye ndimu
kama yalivyoingia wiki ile aliyokuwa hayumo.
Hayakuwa yamesoma kitu.
Nikayahesabu, miguu matopeni, hadi ya kumi na mbili,
na Zahor akaziba.