Kiti cha Nyuma

Jumamosi ya kwanza ya Machi, theluji imeng'ang'ania vivuli vya mabanda,
nina bahasha ya yuro elfu nne mfuko wa ndani
na magoti ya mtu wa miaka hamsini na mitatu.

Ya kwanza iko Kranj, kwa daktari wa meno, Zdravko.
Honda nyekundu, silinda nne kwa umbo la V,
tangi limesuguliwa hata najiona humo, mvi na yote.
"Haijawahi kulala nje," asema, kama anayeposesha binti.
Kitufe kimoja, injini ikaamka bila mwayo.
Nikaizungusha barabara ya kiwandani,
na mizunguko ilipokaribia elfu saba
valvu zilizokuwa zimelala zikafunguka,
kwaya ikapata sauti ya nne iliyochelewa ibada.
Nilirudi nina miaka ishirini na sita.
Nikashuka. Magoti yakanisomea hesabu.

Mnyororo sawa. Matairi ya juzi juzi.
Kiti cha nyuma: kibao cha kukatia vitunguu,
ngozi yake mpya kabisa. Hakuna aliyewahi kukikalia.

Ya pili iko Tolmin, ng'ambo ya mlima,
kando ya mto ambao rangi yake sitaitaja,
kila apitaye huitaja na kila mmoja hukosea.
Bi Rozalija akafungua banda kwa bega.
Yamaha ya kijivu. Kilomita elfu tisini na moja.
Shafti badala ya mnyororo,
mabegi mawili magumu ubavuni
kama mashavu ya mtoto aliyekataa kumeza.
La kushoto lina mkwaruzo wa kiganja kizima.
"Hapo ni Split, tukiingia ferini.
Alikuwa ananitazama mimi, asiione nguzo."

Kizuri chajiuza; mama huyu hata hakujaribu kuuza.
Alinimiminia kahawa, akanipa daftari la matengenezo,
miaka kumi na minne kwa penseli ya mkono mmoja:
*Oili. Mvua. Rozi ana mafua.*
*Pedi za breki za mbele. Tulikula samaki.*
*Oili.* Kisha kurasa nyeupe.

"Gia ya pili hukwama ikiwa baridi," akasema.
"Usiilazimishe. Iombe."

Nikaegesha gari la kaka penye pampu ya mafuta,
nikakunja risiti, nikachora mstari katikati:
uzito, bima, ulaji wa mafuta, bei ya vipuri.
Njia mbili zilimshinda fisi, naye hakuwa na kalamu.
Kila nilipojumlisha, nyekundu ilishinda kwa kidogo,
na kila iliposhinda nikaanza kujumlisha upya.

Nikampigia Darinka. Alikuwa ametoka zamu ya usiku,
namsikia akikung'uta unga kwenye aproni.
Nikamweleza sauti ya nne. Nikamweleza shafti.
Akanyamaza, kisha akauliza:
"Ni ipi naweza kusinzia?"

Miaka kumi na moja hajapanda, tangu tulipoanguka Ljubelj.
Sikuwa nimemwambia kwamba nakitazama kiti cha pili.
Hata mimi sikuwa nimejiambia.

Basi ni ya kijivu.
Siku za kwanza Darinka alilalamika:
kiti kina umbo la mwanamke mwingine,
mabonde mawili yasiyo yake.
"Tutazoeana," akasema. Sikuuliza yeye na nani.

Juni, njia ya Vršič, kona ya ishirini na tatu,
gia ya pili imekwama, naiomba,
nyekundu moja ikatupita kwa ndani, imelala ubavu,
na pale juu, kabla ya kona kuimeza,
sauti ya nne ikaingia.

Kichwa changu kikaifuata.
Nyuma yangu helmeti ikagonga helmeti, mara mbili.

Mpaka leo sijui kama ilikuwa *tazama mbele*
au *na mimi nimeisikia*.