Risiti ya Mwisho kwa Don Belisario

Mashuka mia mbili na arobaini, Don Belisario,
foronya mia mbili arobaini na moja.
Hiyo moja ya ziada si ya hoteli yako.
Ilikuja imejikunja ndani ya taulo mwezi wa tano,
nimeirudisha mara tatu, mara tatu imerudi,
kama neno tulilokuwa tunaogopa kuambiana.

Vyote vimepigwa pasi.
Dereva wako asimame hapa kwenye ngazi ahesabu,
mvua inyeshe isinyeshe juu ya Valparaíso,
kisha atie sahihi chini ya neno "Mwisho".

Sikukurupuka.
Barua hii nimeiandika mara kumi na moja
nyuma ya bili za maji,
na kila mara niliifua mno:
nikatoa hasira, nikatoa yale ya Krismasi,
nikamtoa mkeo aliyeniita kwa kidole,
hadi ikabaki salamu na jina langu,
nami nikaendelea kukufulia.

Mwaka wa kwanza ulilipa tarehe tano.
Wa pili, tarehe ishirini, na tabasamu.
Wa tatu ulilipa tabasamu.

"Mteja ni mfalme," ulipenda kuniambia.
Siku ile ardhi ilipotikisika, chupa za dawa zikagongana rafuni,
nikasema kwenye simu, "Subiri kidogo, tetemeko,"
ukajibu, "Na taulo za bwawa, zitafika saa nane?"

Ukanikata fedha ya vitambaa kumi na viwili vya meza
kwa tundu la sigara.
Mimi sivuti, Don Belisario.
Mashine zangu hazivuti.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi usiku mmoja nikafungua daftari.
Sabuni, gesi, wanga, saa za watu wangu,
petroli ya kupanda na kushuka kilima.
Nikajumlisha, nikatoa, nikabadilisha kalamu
nikidhani kosa ni la wino.
Kwa kila shuka nililokung'arishia
nilikuwa nakulipa wewe peso kumi na moja.

Hata hivyo, si hesabu iliyonitoa.
Hesabu ningeistahimili; nimezoea.
Ni Nélida, Jumamosi ile ya harusi,
uliponiongezea meza thelathini saa tano za usiku.
Pasi ilimlamba kifundo cha mkono.
Nikakimbia na maji, naye, ngozi ikimvimba,
akaniuliza kwanza kama kitambaa kimechafuka.

Hapo nikajua nimemfundisha nini.

Mwanangu Eleuterio ananiuliza tutakula nini.
Sijui. Wewe ni nusu ya mkate wetu,
nusu ile iliyoungua, lakini nusu.
Kodi haijui heshima, inajua tarehe.
Jana usiku niliamka mara mbili kuifuta barua hii;
mara ya pili nilikuta nimeshaigonga muhuri.

Bonde la chini kuna madobi wawili, anwani nimekubandikia.
Sikuwasimulia lolote juu yako.
Niliwaambia neno moja tu: walipwe kabla.

Deni lililobaki nimeliandika nyuma ya risiti.
Ukilipa, nitashukuru. Usipolipa,
nitalihesabu kuwa ada ya shule.

Jumatatu mashine namba mbili itazungusha
mashati manne ya kinyozi Wladimir
na aproni ya yule mama wa empanada,
anayelipa kwa sarafu zenye unga.
Itasikika maji zaidi kuliko nguo.
Nitamwambia Nélida aende nyumbani saa kumi.
Namjua: atasimama mlangoni,
atalitazama jua lingali juu
kama mtu aliyerudishiwa chenji kupita kiasi.

Foronya ile nimeiweka juu kabisa ya furushi.
Ukimpata mwenyewe, mpe.
Usipompata, usiilete huku.

Ercilia Huenchullán, dobi