Vichwa Kumi na Kimoja

Kilimani, ghorofa ya saba. Chai imepoa.
Bwana Okumbe amebandika bango ukutani:
shujaa ametupa mgongo, jiji lawaka mbele yake,
na chini, kwa wino mwekundu:
MILIONI MIA TATU NA KUMI.

"Ng'ombe tumemla," asema, "tusishindwe na mkia!
Sehemu ya pili. Desemba kamera zianze."
Wenye hisa wapiga makofi.

Mimi Mumbua, mshika leja, nafuta miwani.
Ng'ombe yupi, jamani?
Huyu wa mkopo, ambaye kwato zake bado ziko benki?
Nusu ya hizo milioni haikuvuka mlango wa kumbi.
Arobaini zilimezwa na matangazo.
Na kabla tiketi ya kwanza haijakatwa
tulikuwa tumekwisha kutumia mia mbili na arobaini:
helikopta ya Wilson, tuliyoikodi kwa saa,
ikashinda chini ikingoja mawingu yapishe;
magari kumi na manne tuliyoyachoma Mlolongo,
moja likiwa la fundi wa taa,
lililochomwa kwa makosa
(bado ananipigia simu).

Nimejumlisha, nimetoa, nimerudia usiku.
Jawabu linatanguliwa na kistari.

Ila Jumanne, wiki ya sita, nilishuka mjini,
nikanunua tiketi yangu kama mtu yeyote.
"Ya kumi hiyo," Nasimiyu wa dirishani akaniambia, "na ya mwisho."
Ndani, mazoea yana taabu, nikahesabu vichwa.
Kumi na kimoja.
Nikahesabu tena.

Safu ya nyuma: kijana, sweta la shule,
amejificha tangu onyesho la saa kumi,
anakula bisi walizoacha wengine.
Shujaa akaanguka kutoka daraja la Pangani,
pazia likawa jeusi, taa zikawaka,
watu wakainamia simu zao.
Yeye akanishika mkono wa koti:
"Mama, kwani alikufa?"

Sikuwa na la kumjibu.
Okumbe mwenyewe hajui; mwisho aliuacha wazi
kama mtu anayetoka nyumbani akidhani atarudi.

Sasa wamenigeukia. "Mhasibu, unasemaje?"
Nawasomea kistari. Nakisoma mara ya pili,
polepole, hadi makofi yanakumbuka yalikotoka.

Pambizoni mwa leja, kwa penseli, pasipo safu,
kuna mstari ambao sijawasomea:
*mtazamaji mmoja, hakulipa, anauliza.*