Mhazini

Mchana, Gigiri, Nekesa hupanga viti vya wakubwa.
Leo wamebishana tena: huyu katoa, ila ya polio tu;
yule ya maabara, mwaka mmoja, kisha tutaona.
Ya mshahara wa muuguzi, ya dizeli ya jenereta,
hayupo aliyeitaja.

Jioni, Kangemi, yeye ndiye mhazini.
Daftari lina doa la chai.
Mia mbili. Mia mbili. Kageha hamsini, zilizobaki deni.
Hakuna anayeandika juu ya noti yake:
ya sukari pekee.

Kipindupindu kilipoingia ploti ya kina Ayuma
saa nane usiku,
funguo tatu zilikuja mbio,
leso juu ya nguo za kulalia,
na sanduku halikuuliza noti ni ya nani.