Saa Tisa ya Usiku, Nguba

Umeme ukirudi, mtaa mzima huamka bila kuitwa:
jirani yangu mama Nabintu anapiga pasi sare za watoto,
kule juu kinu cha mihogo kinaanza kulalamika,
nami nateremka peku hadi jikoni
kumsalimu mgeni wa kaka Mugisho.

Alitoka Liège amevikwa sweta tatu,
akalipiwa ushuru pale Ruzizi kana kwamba ni gari,
akanunuliwa stabilizeta inayomzidi uzito,
na tangu hapo anakaa ubavuni mwa mbabula yenye masizi
aking'aa kama bwana harusi aliyekosea ukumbi.

Ana adabu, ila haombi: anaamuru.
Jaza maji. Nammiminia kutoka bidoni ya njano
maji yaliyopanda mlima kichwani mwa Nsimire,
maana bomba letu limekauka tangu Pasaka.
Mwaga makapi. Namwaga.
Ondoa chokaa. Chokaa gani, ndugu yangu?
Mimi, mwalimu wa hesabu kwa miaka kumi na tisa,
sijawahi kumtii mtu hivi bila kuuliza sababu.

Leo mama yupo. Kaja na boti la jana kutoka Idjwi,
na kikapu cha mananasi, na goti linalouma.
Ameamshwa na meno ya mashine,
akasimama mlangoni, kikwembe begani,
akanusa.

Hakuuliza ni nini. Pua ilijua kabla ya macho.
Miaka arobaini alizichambua hizi
kwenye meza za watu,
nyeusi huku, zilizotobolewa na wadudu huku,
nzima zikaenda zake.
Kwetu kahawa ilikuwa ada ya shule, ilikuwa mabati,
ilikuwa gunia alilovusha baba usiku
hadi ng'ambo ya ziwa, kwenye bei nzuri,
na mara ya mwisho ulirudi mtumbwi, peke yake.
Ilikuwa hayo yote.
Kinywaji, haikuwa.

Nikamwonyesha pakiti aliyoituma Mugisho.
Herufi za dhahabu, jina la kisiwa chetu.
Mama hajui kusoma; nikamsomea.
"Zimekwenda hadi huko," akasema,
"zikaunguzwa, zikarudi kututembelea?"
Kisha akafunua kifuniko, akaingiza vidole viwili,
akatoa punje moja katikati ya mamia.
"Hii imeoza. Aliyechambua alikuwa na haraka."
Akaifunga kwenye ncha ya kikwembe.

Nikabonyeza. Mashine ikasaga, ikakoroma, ikatema
uzi mwembamba, mweusi,
na povu la rangi ya njia zetu mwezi wa nne.
Mama akapokea kikombe kwa mikono miwili
kama anavyopokea komunyo.
Akanywa. Akasubiri.
Akanywa tena, pengine funda la kwanza lilikosea njia.

"Ni hii tu?"

Sikuwa na jibu. Nilitafuta sukari.
Vijiko vitatu, vinne, akakoroga
kwa muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.
"Ni hii tu," akajijibu.

Nikaweka changu chini ya mdomo wa mashine.
Kilipofika nusu, umeme ukaondoka.
Kinu kikanyamaza, neno likiwa bado mdomoni.
Nikasikia kikombe chake kikigusa changu:
alikuwa ananiongezea, gizani, bila kumwaga tone,
kwa mikono iliyozoea kupima pasipo taa.

Asubuhi akapanda boti. Pakiti hakuitaka.
Saa nane mchana, nikisahihisha madaftari,
umeme ulirudi,
na mashine, bila kuguswa na mtu, ikasafisha koo
kama anayetaka kusema jambo,
ikatoa maji ya moto kidogo,
ikaghairi.